Chachu ya Watu Niliyoichemsha

Mume wangu ndiye aliyeleta wazo la kwenda kutalii. Nasema kutalii kwa makusudi, maana neno lenyewe lilinichoma. Mpaka wakati ule, likizo kwetu ilikuwa na maana moja: unabeba sukari, sabuni na kitenge cha mama, unakwenda kwenu ukalime au ukauguze. Lakini ilikuwa miaka ya ruksa, biashara huria imefunguliwa. Shirika alilokuwa akifanyia kazi lilikuwa limeuzwa, na mwenye mali mpya alitaka kila mtu achukue likizo yake yote arudi amepumzika. Mume wangu akalishika neno hilo kuliko hata huyo aliyelisema. Siku moja akarudi na karatasi yenye picha ya milima, akaiweka mezani pembeni ya bakuli la maharage.

"Mama watoto, safari hii tunakwenda Lushoto."

"Lushoto tuna nani?"

"Hatuna mtu. Ndiyo maana tutapumzika."

Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikafunga mizigo. Watoto tukawaacha kwa dada yangu. Mimi ni mkunga. Nilikuwa nimeshapitisha miaka mingi katika wodi ya wazazi Dar es Salaam, na kupumzika sikujua kunaanzia wapi. Siku ya kwanza Lushoto nilikifagia chumba cha nyumba ya wageni kabla mhudumu hajafika, nikatandika kitanda, nikafua leso za mume wangu kwa maji ya baridi yanayouma vidole. Yeye alikaa barazani amejifunika blanketi mabegani, anakula mapeasi, ananiangalia.

"Hicho chumba tumekilipia ili wakifagie wao," alisema.

"Wakifagie vizuri basi."

Hata hivyo sitasema uongo, nilipapenda. Asubuhi ukungu ulikuwa unashuka kutoka msitu wa Magamba mpaka kwenye paa za maduka, na sokoni kulikuwa na karoti na kabichi ambazo Dar tulikuwa tunaziona zimeshanyauka. Nililala usiku kucha bila feni na bila mbu. Siku ya tatu nilikuwa nimeanza kutembea polepole bila kujijua.

Siku hiyo, Alhamisi, ndipo mume wangu alipotuandikisha kwenye ziara ya boha. Boha ni pombe ya miwa ya Wasambaa. Vijana wa pale mjini walikuwa wamefungua ofisi ndogo ya kuwatembeza wageni, na mojawapo ya matembezi yao ilikuwa kwenda kijijini kuona inavyopikwa. Nilimwambia mume wangu kuwa pombe ya kienyeji naijua kwa harufu, maana waume huja nayo wodini kuwaona wake zao. Akasema harufu ni jambo moja na ufundi ni jambo lingine. Huyo ndiye mume wangu, akitaka bia ataipa heshima zote.

Tulikuwa watu wanne na kiongozi wetu. Wenzetu walikuwa Wazungu wawili wazee, mume na mke, wamestaafu. Yule mume kule kwao alikuwa akijitengenezea bia kwenye banda la nyuma ya nyumba, kwa kujifurahisha tu, na alikuwa na daftari. Kiongozi wetu alikuwa kijana mzaliwa wa kijiji hichohicho tulichokuwa tunakwenda, aliyemaliza chuo cha ualimu akakuta ajira zimesimamishwa. Alikuwa anaeleza kila kitu kama yuko mbele ya ubao: mti huu dawa ya tumbo, mfereji huu ulichimbwa na mababu. Anaeleza kwa Kiingereza kwa wale wawili, kisha anatugeukia anaeleza kwa Kiswahili.

Njiani watu waliwasalimia Wazungu kwa furaha, halafu wakitufikia sisi wanasita. Mzee mmoja aliyekuwa amebeba majani ya ng'ombe alisimama kabisa. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akamuuliza kijana wetu jambo kwa Kisambaa. Kijana akacheka. Nilimbana mpaka akaniambia: mzee alikuwa anauliza hawa wawili weusi nao wameleta msaada gani.

Aibu ilinishika hapo, na nadhani ndiyo iliyoharibu yote yaliyofuata. Nilijiona mtu mzima ovyo, nimevaa viatu vya raba, natembea kwenye mashamba ya wanawake wenye majembe mikononi, nikiwaangalia wanavyoishi.

Nyumba tuliyoiendea ilikuwa bondeni chini ya Magamba, karibu na kijito, miwa imeizunguka pande tatu. Mwenyewe alikuwa mama mjane anayekaribia miaka sitini, mrefu, kitambaa kimefungwa kichwani kwa nguvu. Tulimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Karibuni." Akatutazama mimi na mume wangu. "Na ninyi mmekuja kuangalia?"

Nilitamani nifukiwe pale pale.

Alituketisha kwenye mabenchi nje ya jiko, kisha akaanza. Miwa ilikuwa imeshatwangwa asubuhi kwenye kinu cha mti, ikakamuliwa, na maji yake yalikuwa ndani ya chungu kikubwa pembeni ya moto, rangi ya chai ya maziwa. Mtoto wake wa kiume, wa pekee, alikuwa anaposa binti wa Malindi, kijiji cha juu zaidi mlimani, na Jumamosi pombe hiyo ilikuwa ipandishwe huko. Kwao, alisema, pombe ya posa hainunuliwi. Anaipika mama wa kijana kwa mikono yake, na wazee wa upande wa binti wakiionja ndipo wanapojua wanampeleka binti yao kwenye nyumba ya namna gani. Ikienda mbaya, au ikienda maji matamu tu, wanaweka kata chini na maneno yanaishia hapo. Alikuwa anasema hayo huku anachochea moto, wala hakuinua macho, lakini niliona jinsi alivyokuwa akiugusa ubavu wa chungu mara kwa mara kusikia joto lake. Mimi wanawake wanaongoja ninawajua. Huyu alikuwa na wasiwasi.

Hapo ndipo nilipopaswa kukaa nikasikiliza. Kijana wetu akaanza somo la chachu, kwa Kiingereza kwanza, yule mzee wa daftari akawa anauliza swali juu ya swali, na mama akaitwa ndani ya miwa kuwaonyesha aina mbili za muwa zinavyotofautiana. Wote wakamfuata. Mimi nikabaki. Nilijiambia kuwa sitakwenda kufundishwa muwa, muwa nimeutafuna tangu sina meno.

Mbele ya jiko kulikuwa na lundo la vyombo: vibuyu, kata, sufuria mbili, ungo, na bakuli la udongo lenye vipande vyeusi vyeusi vimelowa kwenye kitu kama kamasi, vinanuka uchachu. Moto ulikuwa unawaka, birika kubwa la maji limechemka. Mwanamke wa umri wa mama yangu anahangaika na wageni, vyombo vyake vimelala chini, na mimi mwanamke mzima nimekaa kwenye benchi mikono mapajani. Kwa malezi niliyopewa mimi, mkwe wako angekuona hivyo angekusema mpaka kaburini. Nikavua saa, nikakunja mikono ya blauzi, nikaona kipande cha sabuni juu ya jiwe, nikaanza.

Niliosha vizuri. Nataka hilo lijulikane. Vibuyu nilivisuuza mara tatu. Nilipofika kwenye lile bakuli nilikunja uso, nikafikiri ni makapi ya tunda fulani la dawa yaliyosahauliwa, lakini kwa kuwa si mali yangu sikuyamwaga. Niliyafanyia kama tunavyofanya vyombo vya wodini: nikamimina maji ya moto yanayotokota, nikayaacha yakae kidogo, nikayasugua kipande kimoja kimoja kwa sabuni, nikayasuuza tena kwa maji ya moto, nikayaanika juu ya ungo kwenye jua. Yalitoka meupe. Niliyatazama nikaridhika.

Wakatoka kwenye miwa wakiongea. Mume wangu aliviona vyombo, akacheka, akasema, "Nilijua tu." Aliyesimama ghafla ni yule mzee Mzungu. Aliangalia ungo, akaangalia birika likitoa mvuke pembeni yake, akashika kichwa kwa mikono miwili. Alijua kabla yangu, mtu wa kutoka huko kwao, kwa sababu yeye alikuwa amesikiliza somo.

Mama akaja. Akachukua kipande kimoja, akakinusa, akakiuma kwa meno ya mbele.

"Umeviosha," alisema.

"Ndiyo mama."

"Kwa maji ya moto?"

"Yaliyochemka, mama. Na sabuni."

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda, kile kipande mkononi. Kijana wetu akalirudia somo kwa ajili yangu, safari hii kwa sauti ya chini. Ile ndiyo ilikuwa chachu. Ni tunda refu gumu linaloota kwenye joto huko chini tambarare, upande wa Mazinde, linakatwa, linakaushwa, halafu linatumika pombe baada ya pombe, halioshwi hata siku moja, na kila linapotumika linazidi nguvu. Hiyo ya mama ilitoka kwa mama mkwe wake. Ilikuwa na umri kumzidi kijana mwenyewe anayeoa. Maji ya miwa nayo hayangoji, yakilala bila chachu yanaharibika, na miwa iliyokomaa kwenye shamba ilikuwa yote imeshakatwa kwa ajili ya chungu hicho.

Nimewahi kupoteza wagonjwa, na sitaki kulinganisha. Lakini hapa aliyekosea nilikuwa mimi peke yangu, kwa sabuni, bila kuombwa na mtu.

Nikapiga magoti, nikaomba radhi. Mama akasema, "Inuka mwanangu, utachafua nguo," na upole ule ukanimaliza. Nikalia.

Kijana wetu akasema labda akimbie mjini kununua hamira dukani, siku hizi imejaa.

"Niwapelekee wakwe zangu mkate?" mama akamuuliza.

Mume wangu akauliza kama hakuna jirani mwenye chachu. Mama akatupa jicho ng'ambo ya kijito. Kisha akasema wengi wameacha kupika tangu bia za kreti zianze kupanda mlima, na wanaopika wanatia sukari na hamira hizohizo. Chachu kama yake iko nyumba moja tu. Akainuka akaingia jikoni.

Ilibidi kijana atuambie ni ipi. Ilikuwa ya wifi yake huyo mama, dada wa marehemu mume wake, ng'ambo ya kijito, tena paa lake lilikuwa linaonekana kutoka tulipokuwa tumekaa. Mama mkwe alipozeeka aliigawa chachu mafungu mawili, la mkwe na la binti. Wakapika wote wawili kwa amani mpaka msiba wa huyo bibi. Siku ya kumaliza matanga, uwanja umejaa watu, wifi akaonja boha ya mama akasema kwa sauti kuwa imechacha kupita kiasi. Basi. Mwaka wa nne huo hawajasalimiana. Na mtoto wa mama alikuwa anakwenda kuposa Jumamosi bila shangazi, jambo ambalo Malindi wangeliuliza hata kabla ya kuonja.

"Umeosha wewe," mume wangu aliniambia kwa upole. "Nenda."

Nilikwenda na kijana. Tulivuka kijito kwenye gogo, tukapanda. Wifi alikuwa anapalilia kabichi, mwanamke mfupi, mnene kidogo, jembe lake jipya. Kijana akamsalimu kwa Kisambaa, "Onga mshi," akaitikiwa. Mimi nikampa shikamoo yangu, nikamweleza yote bila kujipunguzia. Nilipofika kwenye sabuni aliweka jembe chini.

"Amekutuma yeye?"

"Hapana, mama. Hata hajui kama ninaomba. Alisema tu iko nyumba moja."

"Alisema hivyo? Kuwa iko nyumba moja?"

"Ndiyo."

Akafuta mikono kwenye kanga polepole. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari.

"Miwa imekamuliwa saa ngapi?" aliuliza.

"Asubuhi hii."

Akatazama jua lilipofika. Pale pale niliona hasira ya miaka minne ikipitwa na wasiwasi wa mpishi. Akaingia ndani haraka, akatoka na fungu limefungwa kwenye jani kavu la mgomba. Nikanyoosha mikono kupokea. Akalivuta nyuma.

"Wewe usiishike," alisema. "Umeshaua moja."

Akatutangulia yeye mwenyewe kuteremka.

Kwenye uwanja wa mama alisimama akapiga hodi, mahali ambapo nina hakika zamani alikuwa akiingia bila kuita. Ilichukua muda. Mama akatokea mlangoni mwa jiko, akaona fungu la jani mkononi mwa mwenzake.

"Karibu," alisema.

Hawakusalimiana zaidi ya hapo. Waliingia, na sisi wote, Wazungu kwa Waswahili, tukasogea mlangoni kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Wifi akaweka kiganja kwenye chungu.

"Moto wako mdogo."

"Kuni mbichi."

"Chungu kisogezwe huku basi."

Wakakishika wote wawili, wakakisogeza. Vipande vikatumbukizwa. Wakakifunika kwa majani na gunia, wifi akakaza kamba, mama akachochea. Kisha wifi akatoka, akanipita, akaenda zake kwenye kabichi. Yule mzee wa daftari hakuandika kitu. Mkewe alinishika mkono mpaka tulipoondoka, na ingawa hatukuwa na lugha ya pamoja nilimwelewa.

Usiku ule sikulala vizuri hata kidogo. Ijumaa mume wangu alikuwa amepanga twende kuona maporomoko ya maji Soni. Nilimwambia maporomoko yataendelea kuporomoka tu, mimi narudi kwenye kile chungu. Akavaa viatu bila kubisha.

Tulifika mchana. Ukisogea jikoni ulikuwa unaisikia kabla ya kuiona, chungu kinaongea taratibu chini ya gunia, povu limejaa mpaka mdomoni. Nilijikuta nasema asante Mungu kwa sauti. Majirani kama wanane hivi walikuwa wameshakaa uwanjani, maana habari ya mtalii aliyechemsha chachu ilikuwa imezunguka bonde zima, na kila aliyeniona alitabasamu zaidi kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. Wifi alikuwepo. Alikuwa ndani, amesimama karibu na mlango, hajakaa.

Mama akateka kata moja, akaonja yeye kwanza kama mwenye nyumba anavyopaswa. Akaijaza tena, akampa wifi.

Wifi akanywa funda moja. Akanywa la pili, refu.

"Imekaa vizuri," alisema, karibu kwa kunong'ona.

"Kaseme nje," mama akamwambia. "Maneno yale ya matanga uliyasema uwanjani."

Wifi akaijaza kata tena. Nilishika mkono wa mume wangu nikamfinya. Kisha yule mama mfupi akatoka na ile kata, akasimama katikati ya uwanja mbele ya majirani, akasema kwa Kisambaa maneno ambayo sikuyaelewa hata moja, lakini nilielewa yalivyopokelewa, maana wanawake wawili walipiga vigelegele na mzee mmoja akanyoosha mkono apewe kata. Aliporudi ndani mama alikuwa ameshaweka kigoda cha pili karibu na moto.

"Kesho tunaondoka saa mbili," alisema. "Gari la kabichi litatuchukua barabarani. Shangazi anakaa mbele."

"Nitafunga kitenge gani?"

"Kile cha matanga. Nacho kikatembee."

Wakacheka wote wawili, na wifi akakaa.

Nilikuwa na furaha ambayo sina namna ya kuieleza, na ndani yake, nakiri, kulikuwa na majivuno. Nilikuwa nimeshaanza kuipanga hadithi kichwani, jinsi nitakavyowasimulia wenzangu wodini kuwa nilikwenda likizo nikapatanisha mawifi waliogombana miaka minne. Labda ilionekana usoni. Mama aliniita karibu, akanipa kata, akaningoja ninywe. Ilikuwa tamu na kali, ya moto kidogo.

"Ukirudi Dar es Salaam," aliniambia, "usiende kusema umetupatanisha. Tumepatana wenyewe. Wewe sema uliniharibia chachu."

Nikamwambia, "Ndiyo, mama." Na ndivyo ninavyosema.